Si baridi ya ziwa: kwa nini kinga huugeukia mwili wake

Mama mdogo wangu anauza dagaa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na kabla ya dagaa alikaa miaka 11 mlimani akipasua kokoto kwa nyundo. Asubuhi moja nilimkuta amekibana kikombe cha uji kwa viganja viwili, maana vidole vilikataa kujikunja. Vifundo vya pale vidole vinapoanzia vilikuwa vimetuna, mkono wa kulia na wa kushoto vilevile, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Pete ya ndoa alikuwa ameitoa kwa sabuni wiki mbili kabla. "Mpaka saa nne hivi ndiyo vinalegea," akaniambia, "ila kesho yake ni yaleyale."

Pale mwaloni, wanaposhushia samaki, kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni baridi ya ziwa, kwa kuwa mama mdogo huwasubiri wavuvi alfajiri huku upepo ukivuma. Mwingine alisema amekanyaga kitu alichotegewa na mwenzake wa biashara. Wa tatu alizilaumu sindano za uzazi wa mpango. Duka moja la dawa likamchoma sindano za maumivu kwa mwaka mzima na nusu, na katika muda huo wote hakuna aliyemuuliza kama anaamka na vidole vilivyokakamaa. Alipofika kwa daktari aliyevikagua vile vifundo kimoja kimoja na kumpima damu, akaambiwa jambo ambalo hakulitarajia: kinga yake mwenyewe ndiyo inayoyashambulia maungio yake.

Akaja kwangu na swali moja. "Sawa, kinga yangu. Sasa nini kimeiharibu?"

Nimelibeba swali hilo kwa muda mrefu, nikasoma, nikauliza. Jibu lipo, ila halina mkosaji mmoja.

Kwanza tulitazame jina. Kiswahili kinaita maumivu haya baridi yabisi. Yabisi ni neno lililotoka Kiarabu, maana yake kavu. Matabibu wa kale walioamini kwamba mwili unaendeshwa na mizani ya joto na baridi, unyevu na ukavu, waliyasoma maungio yaliyokakamaa kama baridi kavu iliyoingia mifupani. Kwa hiyo anayetamka jina la ugonjwa huu ameshataja na chanzo chake bila kujua, na chanzo hicho si sahihi. Baridi hukaza kiungo ambacho tayari kinaumwa, hilo ni kweli. Kuna hata wagonjwa wa lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili), au wa ule ugonjwa unaoikakamaza ngozi, ambao vidole vyao hugeuka vyeupe kisha vya bluu wakishika maji ya baridi. Lakini upepo wa ziwa haujawahi kuifundisha kinga ya mtu kumshambulia. Wavuvi wa dagaa wanakesha majini kila giza la mwezi, wengi wao hadi uzeeni, na vidole vyao vinakunja nyavu vizuri tu.

Sungusungu waliokosea mtu

Kanda hii inawajua sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walichoshwa na wezi wa ng'ombe wakajipanga wenyewe: yowe likipigwa, wanaume wanatoka na pinde zao na kumfuata mwizi mpaka apatikane. Kinga ya mwili ni jeshi la namna hiyo. Seli nyeupe za damu zinazunguka usiku na mchana, na zikimwona mgeni zinapiga yowe la kikemikali. Mishipa ya damu hutanuka, maji na askari zaidi wanamiminika mahali pale. Ndipo unapoona uvimbe, wekundu, joto na maumivu. Ukijikata kidole kwa kisu cha samaki, uvimbe huo ndio unaokuokoa. Kazi ikiisha, moto huzimwa.

Lakini askari anamjuaje mwizi na mwanakijiji? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, kuna tezi iitwayo thimasi. Seli changa za kinga hupitishwa humo zikaonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe. Inayokurupuka kuvishambulia huuawa papo hapo. Ni mafunzo makali, wengi hawatoki hai, na bado wapo wachache wanaopenya. Kwa hiyo mwili una ulinzi wa pili: seli za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuwashika mkono wenye hasira, kama wazee wa kijiji wanaosema "mwacheni, huyo tunamjua". Kuhusu seli hizo ndiko Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walikopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Sakaguchi alizitambua mwaka 1995, na mwaka 2001 wenzake wawili wakaipata jeni inayozitawala. Mtoto anayezaliwa na hitilafu kwenye jeni hiyo hushambuliwa na kinga yake karibu kila upande, utumbo, ngozi na kongosho, tangu uchanga.

Maana yake ni kwamba kila mmoja wetu, hata aliye mzima wa afya, anatembea na askari kadhaa wenye uwezo wa kumgeuka. Tunachotaka kujua ni kwa nini kwa mtu fulani, mwaka fulani, wazee walishindwa kuwazuia.

Ulichorithi

Urithi una sehemu yake, na sehemu kubwa kuliko zote iko kwenye kromosomu ya 6, katika kundi la jeni liitwalo HLA. Jeni hizi hutengeneza kitu ninachokifananisha na sinia. Karibu kila seli mwilini hutoa nje sinia dogo lenye kipande cha protini kutoka ndani, na askari wa kinga hupita wakikagua kilichopakuliwa. Masinia ya familia moja hutofautiana na ya nyingine. Sinia la huyu hushika vipande ambavyo la yule halivishiki kabisa. Tofauti hizo zimetusaidia kama wanadamu, kwani hakuna mdudu anayeweza kutudanganya wote kwa wakati mmoja. Ila umbo fulani la sinia huweza kupakua kipande cha mwili wenyewe kwa namna inayomfanya askari amwone mgeni.

Mfano maarufu ni HLA-B27. Mwaka 1973 watafiti wa London na wa Los Angeles, kila kundi kivyake, waligundua kwamba karibu wagonjwa wote wa ule ugonjwa unaougandisha uti wa mgongo wanalo sinia hilo. Kwa Wazungu ni kama 9 kati ya 10. Lakini ukigeuza hesabu ukaanza na wanaolibeba sinia lenyewe, wengi mno wanazeeka bila kuugua. Kusini mwa Sahara B27 ni adimu, na ugonjwa huo nao ni adimu.

Mapacha wa kufanana wanaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Wana jeni zilezile, mara nyingi na nyumba ileile na sufuria ileile. Pacha mmoja akipata baridi yabisi ya aina ya mama mdogo, mwenzake huipata katika jozi 15 hivi kati ya 100. Kwa lupasi ni karibu robo. Ingekuwa damu ya ukoo ndiyo inayoamua, ingekuwa 100 kati ya 100. Ingekuwa haina neno, pacha angekuwa kama jirani yeyote, na jirani hafikii hata mmoja kati ya 100 kwa baridi yabisi.

Katika familia moja ugonjwa unaweza pia kubadili sura. Bibi ana goita ya kinga, mjomba ana mabaka meupe ya ngozi, mjukuu ana kisukari cha utotoni kinachohitaji insulini. Ukiwaangalia juu juu ni magonjwa matatu yasiyohusiana. Kinachorithiwa mara nyingi ni wepesi wa kinga kukasirika, na kila mwili una mahali pake pa kuumizwa.

Sisi wa kanda ya malaria tuna urithi wetu wa pekee, na hii ni habari inayonigusa sana. Kuna jeni iitwayo FCGR2B ambayo ni kama breki ya seli zinazotengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa mgeni. Aina moja ya jeni hiyo ina breki dhaifu, na humsogeza mtu karibu na lupasi. Ungetegemea maumbile yangeiondoa. Kinyume chake, Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki inapatikana zaidi kuliko Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watoto wa Kenya, uliona kwamba waliorithi aina hiyo kutoka kwa baba na mama walipata kinga dhidi ya malaria kali. Breki dhaifu inaliachia jeshi limkabili mbu na mzigo wake. Mababu waliovuka utotoni kando ya maji haya walivuka na silaha, na silaha hiyo hiyo inaweza kumjeruhi mjukuu.

Kuhusu wanawake nitasema kwa ufupi, ingawa wao ndio wengi: 9 kati ya wagonjwa 10 wa lupasi ni wanawake, na kwa baridi yabisi ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Homoni zimo. Kromosomu X imo pia, kwa kuwa mwanamke ana mbili na baadhi ya jeni za kinga zimekaa huko. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba hata ile molekyuli inayoizima X ya pili, pamoja na protini zinazoizunguka, inaweza kuichokoza kinga.

Yale yanayotukuta njiani

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote uko kooni mwa mtoto. Mafindofindo, au tonsesi kama wengi wanavyoita, mara nyingine huletwa na bakteria wa streptokoka. Bakteria huyu amevaa protini inayofanana na protini za misuli na vali za moyo. Sungusungu wanamkamata mwizi mwenye shati la kijani, na kesho yake wanampiga kila mwenye shati la kijani. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, mtoto anaanza homa, magoti yanavimba, uvimbe unahama kutoka goti kwenda kifundo cha mguu, na wakati huohuo moyo unaumia kimyakimya. Ndiyo homa ya baridi yabisi, na jina hilo la baridi limetupoteza hapa pia. Vali zinabaki na makovu. Msichana anakuja kugundulika miaka kumi baadaye akiwa mjamzito, anahema usiku, miguu imevimba.

Si kila koo huishia moyoni. Ni watoto wachache tu wenye mwelekeo wa kurithi, na zaidi ni wale wanaolala wengi chumba kimoja, wakiambukizana tena na tena. Kwa hiyo hapa chanzo kinakamatika. Koo la streptokoka likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku 9, homa hiyo huzuiwa. Kwa mtoto ambaye vali zimeanza kuguswa, sindano ya penisilini ya kila mwezi hufanya kazi kubwa. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, ukachapishwa mwaka 2021, ulifuatilia watoto kwa miaka miwili: waliochomwa, hali ilizidi kwa 0.8 kati ya 100, na wasiochomwa ilizidi kwa 8.2 kati ya 100. Mzazi anayemwambia mtoto "ni koo tu, kunywa chai ya tangawizi" anampenda mtoto wake. Namwomba tu ampeleke akaangaliwe.

Mfano wa pili unaanzia ng'ambo ya ziwa hili. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1964 ndani ya seli za uvimbe huo kikapatikana kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Kirusi hiki kipo karibu kwa kila mtu mzima duniani. Kwetu mtoto hukipata mapema, kwa mate, kwa kutafuniwa chakula, kwa kikombe kimoja, na mara nyingi mama hajui hata kama kimepita. Kikikutana na malaria inayorudi kila mara, kwa wachache huzaa saratani ile ya Burkitt. Ulaya na Marekani wengi wanakipata ujanani, na huko kinahusishwa na ugonjwa unaobambua ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, wakitumia damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, walionyesha kwamba uwezekano wa kupata ugonjwa huo unaongezeka mara 32 baada ya kirusi hiki kuingia. Huku kwetu karibu na ikweta ugonjwa huo ni nadra. Kirusi ni kilekile, ila umri wa kukipata, malaria, jua na jeni vimebadilisha mwisho wa hadithi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi kwamba kuuliza "mdudu gani kauleta" hakutoshi.

Kisha kuna vumbi, na hapa namfikiria mama mdogo.

Mwanza imejengwa juu ya miamba ya granaiti, na granaiti ina silika. Anayepasua kokoto anakaa chini, kichwa kimeinama juu ya jiwe, kila pigo linarusha unga mweupe unaotua kwenye kope na kwenye pua. Chembe ndogo kabisa hazionekani, na hizo ndizo zinazofika chini ya mapafu. Seli ya kinga huzimeza, haiwezi kuzisaga, inapasuka na kumwaga sumu zake. Nyingine inakuja kumeza chembe zilezile, nayo inapasuka. Moto haupati nafasi ya kuzimika. Mwaka 1953 daktari Caplan wa Wales alieleza mapafu ya wachimba makaa ya mawe waliokuwa na baridi yabisi. Mwaka 1957 Erasmus wa Afrika Kusini aliandika kuhusu wachimba dhahabu wa Witwatersrand waliokakamaa ngozi. Tangu hapo ushahidi umeendelea kurundikana kwamba vumbi la silika huongeza baridi yabisi, lupasi na ugonjwa huo wa ngozi. Wanaosimama kwenye makarasha ya dhahabu Geita, wakiwa weupe kwa unga wa mawe tangu nywele hadi ndala, wako kwenye njia hiyohiyo. Kitambaa usoni hakizuii chembe hizo. Kulilowesha jiwe kabla ya kulipiga hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa.

Sigara hufanya kazi inayofanana na hiyo, na imechunguzwa kwa undani zaidi. Moshi hubadilisha kidogo umbo la protini ndani ya mapafu. Mtu mwenye sinia la HLA la aina fulani hupakua protini hiyo iliyobadilika, kinga inaitengenezea kingamwili, na kingamwili hizo baadaye zinakutana na protini za namna hiyo ndani ya maungio. Watafiti wa Sweden walikokotoa mwaka 2006: mvutaji aliyerithi sinia hilo kutoka kwa wazazi wote wawili yuko kwenye hatari ya aina hiyo ya baridi yabisi mara 21 hivi kuliko asiyevuta na asiyekuwa nalo. Sigara peke yake haifiki huko, wala sinia peke yake. Ugonjwa wa fizi nao umeshukiwa kwa sababu ya karibu na hiyo, kwani mmoja wa bakteria wa fizi hubadilisha protini kwa njia hiyohiyo.

Mengine nitayapitia haraka. Jua kali huua seli za ngozi, zikamwaga vilivyomo kwenye viini vyake, na kwa mwenye lupasi hicho ndicho kinga yake inachokichukia. Anayekaa mtumbwini hupigwa na jua la juu na lile linalorudishwa na maji. Dawa kadhaa huweza kuamsha lupasi ya muda, zikiwemo haidralazini ya presha na isoniazidi ya kifua kikuu. Hutokea kwa wachache na huondoka dawa ikibadilishwa, kwa hiyo usiziache mwenyewe, zungumza na aliyekuandikia. Zebaki pia imo: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza wanawake waliovimba mwili kwa figo zinazovuja protini baada ya kujipaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Anayetumia mkorogo asiojua umechanganywa na nini anafanya jaribio hilo juu ya figo zake.

Minyoo, malaria na swali gumu

Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wa kinga kujishambulia walikuwa wachache mno katika hospitali ya huko, akahisi vimelea vinahusika. Miaka miwili baadaye akaonyesha kwamba panya wenye mwelekeo wa kupata ugonjwa kama lupasi waliupata pole zaidi walipoambukizwa malaria ya panya. Mwaka 1999 Anne Cooke wa Cambridge na wenzake wakaonyesha kwamba kichocho huwakinga panya wa aina nyingine dhidi ya kisukari cha kinga.

Ukifikiri, inaingia akilini. Mnyoo wa kichocho anaishi miaka ndani ya mishipa ya damu. Hawezi kuishi humo bila kuwabembeleza sungusungu, kwa hiyo anaziongeza zile seli za kutuliza. Kinga iliyozoea kubembelezwa hivyo tangu enzi na enzi, ikiondolewa mbembelezaji ghafla katika miji misafi, huenda inakosa breki.

Nimewasikia watu wakilichukua wazo hili na kusema basi tuache vidonge vya kichocho. Hapana. Hapa ziwani kichocho hukausha ini kwa makovu, mishipa ya koo la chakula inatuna, na mtu anapelekwa hospitali ya Bugando akitapika damu. Majaribio ya kuwapa wagonjwa wa utumbo mayai ya mnyoo wa nguruwe kama dawa yalishindwa. Na katika visiwa vya Koome, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, watafiti waliwapa wanavijiji dawa za minyoo kwa wingi kwa miaka mitatu wakitazama kama pumu na mzio vitaongezeka. Havikuongezeka. Pumu na mzio si kinga kujishambulia, lakini ni jibu la kutuliza wasiwasi. Wakigawa prazikwantel, dawa ya kichocho, shuleni, mwanao ameze.

Tena uchache ule wa wagonjwa una sura ya pili. Wahamiaji kutoka Afrika Magharibi walipochunguzwa London, lupasi ilionekana kwao kwa wingi kuliko kwa Wazungu. Kwetu madaktari wa maungio ni wachache mno, vipimo vya kingamwili havipo kila wilaya, na mgonjwa wa lupasi mwenye homa hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Naamini sehemu ya uchache huo ni wagonjwa ambao hawakuwahi kupewa jina la ugonjwa wao.

Moto ulianza lini?

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitafuta damu ya zamani ya wanajeshi 130 waliokuja kuugua lupasi. Katika 88 kati ya kila 100, kingamwili zilizougeukia mwili zilikuwepo kabla ya ugonjwa kugundulika, kwa baadhi zaidi ya miaka tisa kabla. Baridi yabisi nayo iko hivyo. Kwa hiyo siku vidole vya mama mdogo vilipovimba, ule upepo wa alfajiri, ile sindano ya mwezi uliopita, yule mwenzake wa biashara, vyote vilikuwa vimechelewa. Jambo lilikuwa limeshaanza miaka mingi nyuma, pengine akiwa bado mlimani.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kanda yetu imezika akina mama wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi tuhuma huanzia kwenye ugonjwa wa mtu ambao haukueleweka. Anapovimba magoti mtu aliyekuwa mzima, tunataka jina la mtu. Magonjwa haya hayana jina hilo la kutupa. Yana sinia lililorithiwa, na vumbi, na moshi, na kirusi cha utotoni, na bahati ya jinsi seli zilivyojipanga, vyote vikisukana kwa miaka.

Mama mdogo hakuliridhia jibu langu siku ya kwanza. "Kwa hiyo ni kokoto au si kokoto?" Nikamwambia kokoto huenda zimo, ila hakuna kipimo cha kumwambia kwa uhakika, na wenzake waliokaa naye kwenye unga uleule miaka ileile wana vidole vizima. Akanyamaza. Binti yake wa kidato cha pili ndiye aliyeuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi nitaupata?" Ndugu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano kama mara tatu ya watu wengine. Kwa kuwa kwa watu wengine haifiki mmoja kati ya 100, kwake ni kama wawili au watatu kati ya 100. Tukazihesabu kwa punje za maharage juu ya meza, punje 100, tatu tukazitenga. Aliziangalia zile 97 muda mrefu. Nikamwambia asivute sigara, atunze meno, na asikubali kibarua cha kokoto wakati wa likizo. Akiamka na vidole vilivyokakamaa zaidi ya nusu saa, pande zote mbili, na hali hiyo ikazidi wiki sita, aende hospitali na ayaseme maneno hayohayo.

Mama mdogo sasa anameza kidonge chake cha wiki kila Jumapili, na pete imerudi kidoleni, inabana kidogo. Mwezi uliopita alipanda mlimani kuwasalimia wenzake wa zamani akawaambia habari ya kulowesha jiwe. Walilalamika kwamba maji yako mbali, bomba liko chini kabisa. Akateremka mwenyewe na ndoo, akapanda nayo kichwani, akalimwagia jiwe, akachukua nyundo ya mwenzake kwa mkono wa kushoto unaoshika vizuri zaidi. Jiwe likapasuka. Wote wakainama kutafuta vumbi.